Pedali ya Breki: Pima Tundu Kabla ya Kukata Chuma

Pikapu nyingi kuukuu zinazobeba maziwa, mboga na mchanga vijijini zimeishi kuliko vipuri vyake. Pedali ya breki ikivunjika, mwenye gari huzunguka maduka ya vipuri bila mafanikio, kisha huishia kwa fundi wa jua kali au kwenye gereji ndogo iliyo nyuma ya nyumba. Fundi huyo ana grainda, mashine ya kuchomelea na mikono yenye uzoefu. Kutengeneza pedali mpya si kazi inayomshinda.

Hatari iko kwenye vipimo. Pedali inaweza kunyooka vizuri, kupakwa rangi na kung'aa, lakini tundu moja likiwa mahali pasipofaa, gari halitasimama inavyopaswa. Abiria aliye nyuma hawezi kulijua hilo, na dereva huligundua akiwa tayari yuko mteremkoni. Somo hili linawalenga mafundi, wanafunzi wa vyuo vya ufundi na wenye magari, na linahusu magari ya zamani yenye breki za mafuta zisizo na busta.

Pedali ni wenzo

Pedali ya breki hufanya kazi kama mtaimbo wa kung'olea jiwe: nguvu ndogo upande mrefu huwa nguvu kubwa upande mfupi. Katika pedali inayoning'inia, egemeo liko juu. Chini yake kidogo kuna tundu linaloshika fimbo inayosukuma masta silinda. Chini kabisa ni kikanyagio.

Uwiano wa pedali hupatikana kwa kugawanya umbali kutoka egemeo hadi katikati ya kikanyagio kwa umbali kutoka egemeo hadi tundu la fimbo. Ikiwa kikanyagio kiko mm 300 kutoka egemeo na tundu liko mm 50, uwiano ni 6 kwa 1. Kwa gari lisilo na busta, uwiano wa karibu 6 kwa 1 ndio unaotumika sana. Gari lenye busta huhitaji uwiano mdogo zaidi, karibu 4 kwa 1, kwa sababu busta huongeza nguvu yake.

Umbali huo hupimwa kwa mstari ulionyooka. Pedali nyingi zimepinda ili zipite kando ya usukani au pedali ya klachi. Fundi anayepima kwa kufuata mpindo wa chuma hupata urefu wa uongo na uwiano wa uongo.

Hesabu ya tundu moja

Chukua dereva anayekanyaga kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 30. Kwa uwiano wa 6 kwa 1, fimbo husukuma masta silinda kwa kilo 180. Ikiwa pistoni ya masta silinda ina kipenyo cha mm 19, eneo lake ni karibu sentimita mraba 2.8. Shinikizo la mafuta linakuwa karibu kilo 63 kwa kila sentimita mraba.

Sasa fundi atoboe tundu mm 75 kutoka egemeo badala ya mm 50, labda kwa sababu hapo ndipo fimbo ilipofika kwa urahisi. Uwiano hushuka hadi 4 kwa 1. Mguu ule ule wa kilo 30 hutoa kilo 120 tu kwenye fimbo, na shinikizo huwa karibu kilo 42 kwa kila sentimita mraba. Theluthi moja ya nguvu ya breki imepotea kwa kusogeza tundu milimita 25. Ili kuirudisha, dereva atalazimika kukanyaga kwa kilo 45 kila mara.

Kusogeza tundu upande wa pili nako si suluhisho. Likiwekwa mm 30 kutoka egemeo, uwiano hupanda hadi 10 kwa 1 na pedali huwa nyepesi sana. Lakini nguvu hiyo hulipiwa kwa mwendo. Masta silinda ikihitaji kusukumwa mm 20, mguu utasafiri mm 200, ilhali kwa uwiano wa 6 kwa 1 ungesafiri mm 120. Pedali itagonga sakafu kabla breki hazijashika.

Kosa jingine ni kubadilisha masta silinda bila kupima kipenyo chake. Ile ya mm 19 ikibadilishwa kwa ya mm 25.4, eneo la pistoni hukaribia kuongezeka maradufu. Zile kilo 180 za awali hutoa shinikizo la karibu kilo 35 tu kwa kila sentimita mraba. Pedali itakuwa ngumu na fupi, na wengi huidhania kuwa breki nzuri. Ukweli ni kwamba breki imedhoofika.

Chuma cha kutumia

Dereva akishtuka anaweza kukanyaga kwa nguvu inayozidi kilo 100. Kwa uwiano wa 6 kwa 1, pini ya fimbo hupokea zaidi ya kilo 600. Pedali hutengenezwa kwa ajili ya siku hiyo ya mshtuko, wala si kwa mwendo wa kwenda sokoni.

Chuma laini cha bapa chenye unene wa mm 8 na upana wa mm 40 kinatosha kwa mkono wa pedali wa mm 300. Upana huo wa mm 40 lazima uelekee mbele na nyuma ya gari, mguu unakosukuma. Bapa la mm 6 kwa 25, ambalo hupatikana kwa urahisi kwenye mabaki ya kazi za madirisha, litapinda dereva akikanyaga kwa kilo 100. Nondo za ujenzi hazifai kabisa. Hazikuundwa kwa kazi hii, na baadhi hukatika karibu na sehemu iliyochomelewa.

Egemeo nalo linahitaji bushi ya shaba nyeusi au ya nailoni ngumu, bolti yenye alama ya 8.8 na nafasi ya kutia grisi. Bolti inayozunguka ndani ya tundu lililotobolewa tu kwenye bapa hulila tundu hilo, na baada ya muda pedali huanza kucheza kushoto na kulia.

Kukata, kutoboa na kuchomelea

Kazi huanza kwa kadibodi. Chora pedali kwa ukubwa wake halisi, ikate, ishikilie mahali pake ndani ya gari na uisogeze kama inavyokanyagwa. Kadibodi itaonyesha kama kikanyagio kinagusa pedali ya klachi, kama kinafichwa na usukani, na kama fimbo inaenda sambamba na masta silinda. Ni bora kutupa kadibodi tatu kuliko kutupa chuma kimoja.

Vipimo vikikubalika, fuata mpangilio huu:

1. Chora mistari kwenye chuma na utie alama ya ponchi katikati ya kila tundu. Pima mara mbili.

2. Toboa matundu kwa drili, ukianza na biti ndogo. Usitoboe kwa moto wa kuchomelea. Tundu la moto huwa na kingo zilizoungua na halina kipimo.

3. Kata umbo kwa grainda, kisha ulainishe kingo zote kwa tupa. Mkwaruzo mkali pembeni ndio mahali ufa unapoanzia.

4. Pedali ikihitaji kupindwa, ipashe moto hadi iwe nyekundu, ipinde polepole na uiache ipoe yenyewe. Usiitumbukize kwenye maji.

5. Chomelea bomba la egemeo pande zote mbili za bapa. Bushi iingizwe baada ya chuma kupoa, kwa sababu moto huharibu bushi.

6. Chomelea kikanyagio na ukifunike kwa mpira ili kiatu chenye tope kisiteleze.

Kazi yote ya kuchomelea ifanyike pedali ikiwa nje ya gari. Baada ya hapo mshono ukaguliwe kwa njia ambayo haigharimu. Safisha sehemu iliyochomelewa, paka mafuta ya taa, subiri dakika kumi, pangusa hadi pakauke, kisha paka chaki ya unga. Palipo na ufa, mafuta yaliyojificha ndani hutoka na kuchora mstari kwenye chaki. Mshono wenye mstari huo usagwe wote na uchomelewe upya. Kuufunika kwa mshono mwingine juu yake ni kuficha ufa tu.

Milimita moja ya nafasi

Mshikizo wa pedali ufungwe kwenye sehemu imara ya bodi. Bati linalotenganisha injini na miguu ya dereva likiwa jembamba au limeliwa na kutu, liwekewe bamba la kuliimarisha. Mtu mmoja akanyage huku mwingine akitazama bati kutoka upande wa injini. Likicheza, sehemu ya nguvu ya mguu inapotelea hapo.

Fimbo ishikwe kwa uma unaokumbatia bapa pande zote mbili, na pini yake ifungwe kwa kotapini mpya. Msumari uliopindwa si kotapini.

Jambo linalosahauliwa zaidi ni nafasi kati ya ncha ya fimbo na pistoni. Pedali ikiwa imeachiliwa, inapaswa kubaki nafasi ya karibu milimita moja. Kwa uwiano wa 6 kwa 1, mguu utaihisi kama mchezo wa karibu milimita sita kabla pedali haijaanza kushika.

Nafasi hiyo ina kazi. Ndani ya masta silinda kuna kijitundu kinachoruhusu mafuta kurudi kwenye kikopo dereva anapoachilia pedali. Fimbo ikiwa ndefu mno, pistoni hairudi mwisho wake na kijitundu hicho huzibwa. Mafuta hubaki na shinikizo, breki huendelea kusugua bila kukanyagwa, magurudumu hupata moto, na mafuta yanaweza kuchemka. Mafuta yaliyochemka hutoa mvuke, na mvuke hubanwa kwa urahisi. Hapo pedali huzama hadi sakafuni bila breki kushika. Kwenye mteremko mrefu kama ule wa Mai Mahiu, kosa la milimita moja linaweza kuwa ajali.

Kwa sababu hiyo pedali iwe na springi ya kuirudisha, na kizuizi chake yenyewe cha nyuma ili isiegemee masta silinda. Swichi ya taa za breki irekebishwe ili taa ziwake pedali inapoanza kukanyagwa na zizime inapoachiliwa. Mafuta yawe ya breki, ya daraja lililoandikwa na mtengenezaji wa gari, kwa mfano DOT 3 au DOT 4. Mafuta ya injini hufurisha mipira ya breki na kuiharibu.

Majaribio kabla ya barabara

Jaribio la kwanza hufanywa gari likiwa limesimama, magurudumu yakiwa yamezuiwa kwa mawe. Baada ya kutoa hewa kwenye mfumo, kanyaga kwa nguvu zote na ushikilie kwa dakika moja. Pedali isizame, isipinde na isiguse sakafu wala zulia. Rudia mara kumi, kisha kagua mshono, pini na kuta za masta silinda kwa dalili za ufa au uvujaji.

Jaribio la pili ni katika uwanja tambarare usio na watu, kwa mwendo wa mtu anayetembea, mkono ukiwa karibu na breki ya mkono. Likienda vizuri, mwendo uongezwe kidogo kidogo. Mwishowe, gusa magurudumu yote manne. Gurudumu lenye joto kuliko mengine linaonyesha breki inayobana bila kuachilia.

Kazi ambayo fundi anapaswa kuikataa

Si kila pedali inafaa kutengenezwa gereji. Kwa matatu, basi la shule, au gari lenye busta na breki za kielektroniki, ni salama zaidi kutafuta pedali halisi, hata ikiwa imetoka kwenye gari la aina hiyo hiyo lililovunjwa. Pedali ya awali iliyovunjika isitupwe pia. Ikiwa matundu yake bado yapo, ndiyo ramani bora kuliko zote.

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inataka gari linalotumika barabarani liwe katika hali isiyohatarisha abiria na watumiaji wengine wa barabara. Ukaguzi wa magari uko chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, NTSA. Mwenye gari aliyebadilisha sehemu ya breki ana sababu nzuri ya kulipeleka likaguliwe kabla halijabeba watu.

Kwa upande wa ujuzi, Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaipa serikali ya kaunti jukumu la vyuo vya ufundi vya vijijini. Fundi aliyejifunza kazi chini ya mti anaweza kujiandikisha kwa mtihani wa ufundi wa Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, kuanzia Daraja la III hadi la I. Cheti hicho humsaidia fundi kupata kazi, na humpa mteja njia ya kujua ni nani anayemkabidhi breki zake.

Kwa fundi aliye na pedali mezani leo, vipimo vitatu viandikwe kwenye daftari kabla ya grainda kuwashwa: umbali wa kikanyagio kutoka egemeo, umbali wa tundu la fimbo kutoka egemeo, na kipenyo cha pistoni ya masta silinda. Mteja naye aombe kuonyeshwa daftari hilo. Ikiwa halipo, gari lisitoke gereji.