Breka Inapojizima: Namna ya Kusoma Kisanduku cha Stima Nyumbani

Saa moja jioni, birika la umeme linachemsha maji ya chai, jiko la koili linapika na sare za shule zinapigwa pasi. Dakika chache baadaye soketi zote zinazimika, ingawa taa bado zinawaka. Mita ina tokeni na majirani wana stima. Hapo mkazi anafaa kuangalia kisanduku kilicho ukutani, mara nyingi karibu na mlango.

Kisanduku hicho hupokea umeme kutoka kwenye mita na kuugawa. Swichi kubwa iliyo pembeni ndiyo swichi kuu. Ikizimwa, nyumba nzima huzimika. Zile ndogo zilizopangwa kando yake huitwa breka, na kila moja hulinda njia yake: taa, soketi, jiko au shawa ya umeme. Nambari iliyochapishwa juu ya breka, kwa mfano B6 au C20, huonyesha ni ampea ngapi njia hiyo imeruhusiwa kubeba. Taa kwa kawaida huwekewa 6 au 10, soketi 20 au 32.

Hesabu yake si ngumu. Chukua wati zilizoandikwa kwenye kifaa, ugawanye kwa volti 240. Birika la wati 2,000, jiko la wati 2,000 na pasi ya mvuke ya wati 2,400 vikiwashwa pamoja hufika takriban ampea 27. Breka ya 20 haitavumilia. Haijizimi papo hapo kwa sababu ndani yake kuna kipande cha metali ambacho lazima kwanza kipate joto na kupinda. Lakini ikijizima mara tu inapowashwa, huenda nyaya zimegusana, au kuna kifaa kibovu.

Katika hali zote mbili, chomoa kila kitu kwenye soketi za njia hiyo. Sukuma breka hadi chini kabisa, kisha uipandishe; nyingine husimama katikati na hukataa kupanda bila kushushwa kwanza. Rudisha vifaa kimoja kimoja. Kile kinachoizima tena papo hapo ndicho cha kupeleka kwa fundi. Breka ikikataa kusimama hata bila kifaa chochote, iache chini: huenda hitilafu iko kwenye nyaya zenyewe.

Hapa ndipo makosa makubwa hufanyika. Mtu aliyechoshwa na breka ya 20 hushauriwa aweke ya 40 "ili isisumbue". Kweli haitasumbua. Lakini breka iliwekwa kulinda waya uliopita ukutani na juu ya dari, na waya huo haukubadilishwa. Utabeba mzigo kuliko uwezo wake, upate joto na kuyeyusha plastiki yake mahali asipoona mtu, huku breka mpya ikitulia tu. Dalili ya kwanza inaweza kuwa harufu ya kuungua usiku. Kama mzigo umeongezeka kweli, kinachohitajika ni njia mpya yenye waya mnene zaidi. Shawa ya wati 5,500, inayotumia karibu ampea 23, haifai kuunganishwa kwenye waya wa soketi au wa taa.

Breka ya kawaida pia haimkingi mtu aliyeshika waya. Mkondo usiofika hata ampea 0.1 unaweza kuua, na breka ya 20 hautauona. Kazi hiyo ni ya swichi nyingine, pana kidogo, yenye kitufe cha herufi T, ambayo hukata stima inapogundua takriban ampea 0.03 zikivuja kuelekea ardhini. Kibonyezeni kila baada ya miezi michache: isipojizima, imekufa. Nyumba zenye shawa ya umeme ndizo zinazoihitaji zaidi, pamoja na waya wa ardhi uliofungwa vizuri.

Kufungua kifuniko ni kazi ya fundi mwenye kibali cha EPRA, na si vibaya kumwomba akionyeshe. Hata swichi kuu ikizimwa, waya unaotoka kwenye mita bado una umeme. Mpangaji amjulishe mwenye nyumba. Mita na laini ya nje ni za Kenya Power, na hitilafu zake huripotiwa kupitia 97771.

Wakati stima ipo na kuna mwangaza wa mchana, zima breka moja moja, uone kinachozimika, kisha uandike jina lake kando kwa kalamu isiyofutika. Kila aliye nyumbani, hata watoto wakubwa, aonyeshwe swichi kuu iko wapi.