Njiwa Wawili na Krismasi ya Mkopo

Somo: Luka 2:21-38
Soma pia: Walawi 12:6-8, Nehemia 8:9-12, Warumi 13:8, 2 Wakorintho 8:12



Jumapili iliyopita niliposema kwamba mwezi huu tutafundishana juu ya Adventi, niliona watu wakiangaliana. Baada ya ibada mama mmoja wa kanisa akanivuta kando akaniuliza kwa sauti ya chini, "Pasta, kwani siku hizi tumekuwa Wakatoliki?" Tulicheka, lakini swali lake ni la haki, na ninalijibu hapa kwa sababu najua hakuwa nalo peke yake.

Adventi ni neno lililotoka katika Kilatini, na maana yake ni kuja, kufika. Wakatoliki wanaiita Majilio. Ni kipindi cha Jumapili nne kabla ya Krismasi, na ya kwanza ni ile iliyo karibu zaidi na tarehe 30 Novemba. Kwa ndugu zetu Wakatoliki, Waanglikana na Walutheri, mwaka wa kanisa unaanzia hapo. Majirani wetu wa Ethiopia, wale Waorthodoksi, wanafunga zaidi ya siku 40, bila nyama wala maziwa, mpaka Krismasi yao tarehe 7 Januari. Hata Waadventista Wasabato wamepata jina lao kwa neno hilo hilo, kwa sababu wanangoja Bwana arudi.

Sasa niambie, ni nani anayeimba na kuhubiri kurudi kwa Bwana kutushinda sisi Wapentekoste? Katika makanisa hayo, masomo ya Jumapili ya kwanza ya Adventi hayaanzi na mtoto horini. Yanaanza na Kristo anayerudi na watumishi wanaopaswa kukesha. Hiyo ni lugha yetu kabisa. Biblia haijatuamuru kushika kipindi hiki, na Paulo kwa Warumi 14 anamwachia kila mtu uhuru juu ya siku. Hatutawasha mishumaa ya zambarau. Lakini kuna kitu kimoja ndani ya Adventi ambacho Desemba ya Kenya imetunyang'anya, na nataka tukirudishe. Kitu hicho ni kusubiri.

OFA INAISHA SAA SITA USIKU

Kalenda imetuchezea mchezo. Ile Ijumaa ya mauzo makubwa, Black Friday, huko Marekani huja siku moja baada ya sikukuu yao ya kutoa shukrani, Alhamisi ya nne ya Novemba. Sisi sikukuu yenyewe hatuna. Tuliletewa mauzo, shukrani ikaachwa huko. Na miaka mingi Jumapili ya kwanza ya Adventi huangukia siku mbili tu baada ya Ijumaa hiyo. Kwa hivyo ndani ya wikendi moja sauti mbili zinatuita. Moja inasema ngoja. Nyingine inasema ofa inaisha leo saa sita usiku.

Nilisomea biashara kabla ya kuingia huduma, kwa hivyo wacha niwaambie tunachofundishwa huko. Kabla tangazo halijakuuzia friji, linakuuzia wasiwasi kwamba umechelewa. Zimebaki tatu tu. Mwisho leo. Ile bei ya juu iliyokatwa kwa mstari mwekundu imewekwa pale ili ya chini ionekane ndogo, hata kama kwa mfuko wako bado ni kubwa. Sina ugomvi na wenye maduka. Wengi wenu hapa mnafanya biashara, na Desemba ndiyo inawalipia kodi ya mwezi wa pili. Uza, mama, uza kwa bei ya haki na Mungu akubariki. Leo ninaongea na anayenunua, hasa anayenunua kwa pesa ambayo bado hajaipata.

Somo la kwanza la fedha chuoni ni kwamba shilingi ya leo ina thamani kuliko shilingi ya kesho. Kwa hivyo mwenye pesa akikuazima, lazima umlipe kwa ule muda anaokaa bila pesa yake. Huo ndio msingi wa riba. Anayekubali kusubiri ndiye anayelipwa, na anayemlipa ni yule aliyekataa kusubiri. Shuleni tuliandika hiyo kwa hesabu. Mimi siku hizi naisoma kama mahubiri.

Chukua kalamu. Tuseme baba amekopa shilingi 20,000 kwa simu tarehe 15 Desemba, na ada ni asilimia 9 kwa siku 30. Anatakiwa kurudisha 21,800 katikati ya Januari. Lakini katikati ya Januari ndipo shule zimefungua, mshahara wa Desemba uliingia mapema na uliisha mapema, na mtoto wa Gredi ya 10 anadaiwa karo, sare na godoro. Baba anaongezewa siku 30 zingine na ada nyingine ya 1,800. Kufika Februari ameshachomwa 3,600 kwa ajili ya soda, nauli na viatu. Ukiipiga kwa mwaka mzima, ada hiyo ni asilimia 108. Benki ikikwambia mkopo wa kununua shamba ni asilimia 108 kwa mwaka, utaita polisi. Ya simu tunaikubali kwa kubonyeza mara mbili tukiwa ndani ya matatu.

Na vyama vyetu, akina mama wanisamehe. Mnaweka pesa miezi 11 kwa uaminifu wa ajabu, mvua ikinyesha jua likiwaka. Mwezi wa 12 mnagawana, na kwa siku 12 imekwisha. Kuna vyama vichache ambavyo hugawana nusu Desemba na nusu wiki ya kufungua shule. Waulizeni wanafanyaje, hakuna siri.

ANAYEKUDAI AMEKETI SAFU YA PILI

Mtu atasema hizi ni hesabu za nyumba ya mtu, pasta shughulika na roho. Ninashughulika na roho. Kila Januari sisi wachungaji tunawaona wanaokuja ofisini, na zaidi tunawaona wasiokuja. Kuna ndugu ambaye huacha ibada wiki nne, tano. Ukimfuatilia nyumbani, hajarudi nyuma kiimani. Anaogopa. Alimkopa mshirika mwenzake elfu tano za kwenda nyumbani Krismasi, na huyo anayemdai huketi safu ya pili karibu na mlango. Kuna mke aliyegundua deni la mumewe kwa ujumbe wa simu ulioingia wakati wa maombi ya familia. Kuna kijana wa sekondari aliyekaa nyumbani wiki mbili huku wenzake wako darasani, na picha za mbuzi wa Krismasi bado ziko kwa simu ya baba yake.

Ndiyo maana Paulo katika Warumi 13:8 anataka tusiwe na deni kwa mtu ila la kupendana. Deni la sikukuu linakula hata hilo la kupendana. Huwezi kumkumbatia mtu unayemkwepa.

Na mzigo huu mara nyingi hauanzi na tamaa. Unaanza na upendo, na aibu kidogo. Wewe ndiye wa Nairobi. Nauli ya Kisumu au Kakamega imepanda jinsi inavyopanda kila Desemba, lakini huwezi kufika mikono mitupu. Jirani wa nyumbani alikuja mwaka jana na gari. Watoto wa ndugu yako wanatarajia nguo mpya. Hakuna mtu aliyekaa chini akapanga kuwa mtumwa wa mkopo. Alitaka tu mama yake asiaibike mbele ya wanawake wa kijiji.

Hapo ndipo naomba ufungue Luka 2.

WALIPELEKA WALICHOKUWA NACHO

Mtoto ana siku 40. Yusufu na Maria wanampeleka hekaluni Yerusalemu kama sheria ilivyotaka. Luka 2:24 inataja sadaka yao kwa haraka, ndege wawili tu, njiwa au hua, na sisi tukisoma tunapita kama gari kwenye bapasi. Rudi kwa Walawi 12. Sadaka ya kawaida ya mama aliyejifungua ilikuwa mwanakondoo wa mwaka mmoja pamoja na ndege mmoja. Ndege wawili ilikuwa nafasi ambayo Mungu aliwawekea wasioweza kumpata mwanakondoo. Kwa lugha yetu, ilikuwa sadaka ya watu wa chini.

Fikiria hilo. Kama kuna wazazi waliokuwa na sababu ya kukopa ili mambo yaonekane, ni hawa wawili. Mtoto ni Mwana wa Mungu. Malaika wameshaongea. Wachungaji wa kondoo wameshakuja na kueneza habari. Yusufu ni wa ukoo wa Daudi, ana jina la kulinda. Wangeweza kusema, kwa mtoto huyu hatuwezi kwenda na njiwa, tutafute mwanakondoo tutalipa mbele ya safari. Hawakufanya hivyo. Kila aliyewaona wakipita na ndege mkononi alijua hali yao, nao walipita tu. (Mtu asiniambie habari ya dhahabu ya mamajusi. Mathayo 2:11 inasema mamajusi walimkuta mtoto nyumbani, na huenda dhahabu hiyo ilikuwa haijafika.)

Na ni kwa watu hawa, na njiwa wao, Simeoni alisimama. Mzee huyu alikuwa ameahidiwa na Roho Mtakatifu kwamba hatakufa kabla ya kumwona Kristo. Hatujui alisubiri miaka mingapi. Tunajua taifa lilikuwa limengoja takriban miaka 400 tangu Malaki. Siku hiyo hekalu lilikuwa na watu, na bila shaka wengine walikuja na wanakondoo wanono. Simeoni hakutafuta kondoo mkubwa alikuwa wapi. Alimpokea mtoto wa wenye njiwa mikononi mwake akasema sasa anaweza kwenda kwa amani. Kisha akaja Ana, mjane mzee sana, ambaye alikuwa haondoki hekaluni, akifunga na kuomba usiku na mchana. Wazee wawili waliozoea kusubiri ndio waliomtambua.

Nadhani ndiyo sababu kanisa la zamani liliweka majuma ya kungoja kabla ya sikukuu. Mtu aliyesubiri anajua anachokitafuta. Aliyekimbizwa na ofa anafika tarehe 25 akiwa amechoka, na kwa ibada ya asubuhi anasinzia.

KULA, LAKINI KWA WAKATI

Msinielewe vibaya. Sijasema tusile pilau. Katika Nehemia 8, watu waliokuwa wakilia waliambiwa waende wakale vilivyonona, wanywe vitamu, na wawapelekee sehemu wale ambao hawakuandaliwa kitu. Sherehe ni ya Biblia. Hata hao wanaoshika Adventi, kwao Krismasi ndiyo inaanza tarehe 25 na kuendelea siku 12 mpaka Januari. Sisi tunaianza Novemba na Boxing Day imekwisha, pamoja na pesa.

Angalia tena hiyo sehemu ya kupeleka kwa asiye na kitu. Aliyekopa ili ale hawezi kupeleka. Lakini ukipunguza kitu kimoja kwa orodha yako, mathalani nguo za pili za watoto, kuna mjane kwenye kikundi chako cha nyumbani ambaye atapika chapati siku hiyo.

Na sisi tunaosimama madhabahuni tuna kesi ya kujibu. Desemba bahasha zinakuwa nyingi: shukrani ya mwaka, zawadi ya wachungaji, sare ya kwaya, keki. Wahubiri wengine mjini watakwambia ukope upande mbegu. Mimi ni mmoja wa wanaopokea hiyo zawadi ya wachungaji, kwa hivyo naweza kusema wazi: usikope kwa simu ili uniletee bahasha. 2 Wakorintho 8:12 inasema sadaka inakubaliwa kwa kadiri ya kile mtu anacho, wala si kwa asichokuwa nacho. Kama una njiwa, leta njiwa. Wazee wa kanisa wamekubali kwamba mwaka huu hakuna sare mpya ya Krismasi kwa kwaya wala kwa akina mama. Zile za mwaka jana bado zina rangi.

Wiki hii nina kazi moja kwenu, nayo ni ngumu kuliko kufunga. Kabla ya tarehe 10, piga simu nyumbani. Usingoje kufika stendi ndipo uanze kutafuta maneno. Mwambie, "Mama, mwaka huu tunakuja na unga, sukari na watoto wako. Mbuzi hatutaweza, karo inatungoja." Sema sasa, akiwa bado na wakati wa kuzoea. Wengine mtashangaa jinsi atakavyojibu. Wengine atanyamaza kwanza, na hiyo pia utaivumilia. Na wewe mzazi ambaye watoto wako wako mbali, mpigie wewe kwanza, umwambie aje bila mzigo.

Mume na mke, pangeni hii pamoja, mkiwa na karatasi moja. Andikeni karo ya Januari juu kabisa, kabla ya kitu chochote cha Desemba, na kitakachobaki ndicho cha sikukuu.

Vikundi vya nyumbani vitasoma Luka 2:21-38 Jumatano hii na Jumatano ijayo. Swali la kujadili ni hili: ni kitu gani tunamwomba Mungu ambacho tumekuwa tukijaribu kukipata kwa mkopo? Na kama tayari umeshakopa na tarehe inakukaribia, usiache ibada. Niko ofisi ya kanisa Jumanne na Alhamisi kuanzia saa nane mchana. Njoo na simu yako na karatasi za deni, tutaketi, tutapiga hesabu, halafu tutaomba. Anayekudai akiwa ni mshirika wa hapa, tutamwita aketi nasi.