Kujifunza kwa Kutazama na Kutenda

Katika somo hili tunaangalia elimu isiyo ya darasani: ile ambayo mtu huipata kazini kwa kutazama, kuuliza na kujaribu.

Hapa Kipushi mfano tunao. Mgodi wetu ulifunguliwa mwaka 1924, ukasimama 1993, na uzalishaji ukaanza tena 2024. Wakati uliposimama wengi walipoteza kazi, lakini ujuzi wa kulehemu, umeme na mitambo ulibaki mikononi mwao, nao wakawarithisha vijana.

Kwa familia zilizokimbia makwao, njia hii haidai cheti wala karo kubwa, tena inamkutanisha mgeni na mwenyeji katika kazi moja. Lakini kuna hatari. Kijana anaweza kufagia na kubeba mizigo kwa miezi mingi bila kufundishwa wala kulipwa. Hapo hasira huzaliwa, na ugomvi wa karakana hugeuka kuwa ugomvi wa wageni na wenyeji.

Kwa hiyo, kabla kijana hajaanza, wazazi na fundi wakubaliane mbele ya kiongozi wa mtaa:

1. Atafundishwa nini, na kwa muda gani?
2. Atapewa nini: chakula, nauli au sehemu ya malipo?
3. Atakingwa vipi asiumie, kwa mfano macho yake wakati wa kulehemu?
4. Nani atashuhudia kwamba sasa anaijua kazi?

Maswali ya kujadiliana: Wewe ulijifunza kazi gani bila darasa? Nani alikufundisha? Na leo unamfundisha nani?