SOMO LA AFYA: LANGO LA MOYO LIKIWA JEMBAMBA



Tuchukue mfano. Mama mmoja wa Mbebe ni mja mzito wa miezi sita. Zamani alipanda mlima na ndoo ya maji kichwani bila taabu. Siku hizi hafiki nusu ya njia. Anatua ndoo, anahema. Usiku akilala chali pumzi zinambana, inabidi aketi. Wengine wanasema ni mvivu. Wengine wanasema amerogwa. Je, ni kweli? Hapana. Huenda moyo wake ni mgonjwa.

Moyo una milango 4. Madaktari huiita valvu. Kazi yake ni kupitisha damu mbele na kuizuia isirudi nyuma. Fikiri juu ya zizi la ng'ombe. Lango likiwa pana, ng'ombe hupita upesi. Likiwa jembamba, hubanana nyuma yake. Damu nayo ni hivyo hivyo. Mlango mmoja wa upande wa kushoto ukiwa mwembamba, damu itokayo mapafuni hubanana, na mapafu hujaa maji. Ndiyo maana mgonjwa anahema. Mimba huongeza damu mwilini. Kwa hiyo ugonjwa uliojificha miaka mingi hujitokeza wakati huo.

Chanzo ni nini? Mara nyingi ni maumivu ya koo ya utotoni yasiyotibiwa. Baadaye mtoto hupata homa na viungo kuvimba. Viungo hupona, lakini mlango wa moyo hubaki na kovu.

DALILI
1. Kuhema ukifanya kazi au ukilala chali.
2. Moyo kwenda mbio.
3. Kukohoa, pengine damu.
4. Kuchoka upesi na kuvimba miguu.

Angalia: kifua kikuu nacho huleta kikohozi cha damu. Basi tusibahatishe. Twende tukapimwe.

DAKTARI ANATAMBUAJE?
Kwanza anauliza. Mweleze yote, hata homa ya utotoni. Pili anasikiliza moyo kwa kipimo cha masikioni. Kipimo hicho kilibuniwa na daktari Laennec wa Ufaransa mwaka 1816. Mlango mwembamba hutoa mngurumo mdogo sana. Usishangae ukiambiwa ulalie ubavu wa kushoto. Hapo husikika vizuri zaidi. Tatu, anapiga picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti. Kipimo hiki huitwa eko. Hakiumi, wala hakimdhuru mtoto tumboni. Eko ndiyo inayoonyesha mlango umebana kiasi gani.

Zahanati ikikupa barua ya rufaa, usiiweke sandukuni. Nenda nayo. Ugonjwa huu una matibabu. Kuna dawa, kuna kupanua mlango kwa puto dogo, na kuna upasuaji. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2015, hufanya kazi ya kutibu moyo.

Na mtoto akiumwa koo pamoja na homa, mpeleke zahanati mapema. Akipewa dawa, amalize zote.

MASWALI
1. Kwa nini mgonjwa huyu huhema akilala chali?
2. Eko inaonyesha nini?
3. Je, nyumbani kwako yupo anayeitwa mvivu kwa sababu anahema? Utamwambia nini leo?

Ukimaliza kusoma, msomee na jirani yako.