Jinsi Ajali Ilivyotokea Humwonyesha Daktari pa Kutafuta

Umenusurika katika ajali ya matatu. Damu haitoki, unatembea, na utingo anawahimiza mpande gari jingine mwendelee na safari. Usiharakishe, msomaji. Majeraha mabaya ya ajali mara nyingi ni yale yasiyoonekana, na daktari huyatafuta kwa kuuliza kwanza jinsi ajali ilivyotokea.

Gari likigonga kitu na kusimama ghafla, mwili wako huendelea mbele kwa kasi ile ile. Goti la aliyeketi mbele hugonga dashibodi. Nguvu hiyo hupitia mfupa wa paja hadi kwenye nyonga, na kichwa cha mfupa huo huweza kuchomoka tunduni kuelekea nyuma. Ndiyo sababu daktari akiona goti limechubuka hukagua nyonga pia. Dereva naye, kifua kikigonga usukani, huweza kuvunjika mbavu na kuumia mapafu au hata moyo.

Mkanda huokoa maisha, hilo halina ubishi, na sheria zilizoanza kutekelezwa Februari 2004 ziliufanya kuwa lazima katika matatu. Lakini uvae chini, juu ya mifupa ya nyonga. Ukipita katikati ya tumbo, huweza kuubana utumbo kwenye uti wa mgongo hadi upasuke. Ukiona alama ya mkanda tumboni baada ya ajali, usiidharau.

Anayevuka barabara ana yake. Mtu mzima hupigwa na bampa miguuni, kisha hutupwa juu ya boneti, kichwa kikagonga kioo. Mtoto, kwa ufupi wake, huumia paja, kiwiliwili na kichwa. Na mfanyakazi wa mjengo aliyeanguka kutoka juu akatua kwa miguu, hata akilalamikia kisigino tu, huenda amevunjika pingili za mgongo pia.

Kuna wengu, kiungo kilicho chini ya mbavu za kushoto. Huweza kuanza kuvuja damu siku kadhaa baada ya pigo. Ukipata maumivu ya tumbo yanayofika bega la kushoto, kizunguzungu au jasho baridi, rudi hospitalini usiku huo huo.

Ukifika, eleza yote: uliketi wapi, ulifunga mkanda, gari liligongwa upande gani, je, lilibingirika? Kuna aliyefariki humo ndani? Swali hili la mwisho huwakera wengi. Daktari haulizi kwa udaku; ajali iliyomuua uliyeketi naye huenda ilikupiga wewe pia kwa nguvu hiyo hiyo.