Ramadhani siku ya 22: Wasipokuomba tena, je?



Ndugu zangu, siku hizi simu hazitulii. Huku Pemba kila ukoo una yule mtu mmoja. Pengine ana duka Wete, pengine yuko Unguja au Dar, pengine kavuka mpaka Muscat. Mchele wa futari, dawa za mama, nguo za sikukuu za watoto wa dada, vyote vinaelekea kwake. Huenda ni wewe unayesoma hapa. Allah akulipe. Kuangalia jamaa ni ibada kubwa.

Lakini hebu jiulize. Mdogo wako aliyekuwa akikupigia kila mwisho wa mwezi sasa kapata kazi, haombi tena. Unafurahi? Au moyo unaona kama umeshushwa cheo? Na siku ambayo huna, unaweza kusema "sina", au unakwenda kukopa kwa siri, hata nyumbani kwako hawajui, ili usionekane mdogo? Hapo pana maradhi. Ulianza kutoa kwa ajili ya Allah, sasa unatoa ili uendelee kuwa mtu mbele za watu. Na mwenye maradhi haya, bila ya kujijua, huwa hataki wenzake wasimame. (Nasi tunaopokea tunachangia: akitoa tunamsifu, akikosa tunamnunia.)

Tazama zakatul-fitri, ambayo tunakaribia kuitoa. Katika madhehebu yetu ya Shafii, inakulazimu kwa nafsi yako na kwa wale ambao masurufu yao ni juu yako, pishi moja, yaani vibaba vinne, kwa kila mtu. Lakini kwanza sheria inatazama: umebakiwa na kitu baada ya chakula chako na chao cha usiku na mchana wa Idd? Kama hukubakiwa, hudaiwi. Na mwanao mkubwa anayejiweza? Fitri yake ni juu yake mwenyewe. Ukitaka kumtolea, akupe idhini kwanza. Yaani hata pishi ya mchele, mtu mzima humtolei mpaka yeye aridhie!

Tena Mtume wetu (s.a.w.), aliyebeba umma mzima, katika Suratul Ghashiya anaambiwa kuwa yeye ni mkumbushaji, hakuwekwa kuwatawala watu. Kama yeye kawekewa mpaka, wewe na mimi nani katubebesha wote?

Leo baada ya tarawehe, mpigie mmoja katika hao unaowaangalia. Usimuulize anahitaji nini. Muulize habari zake, kisha mpe na zako, hata kama ni kwamba mwezi huu mfuko mtupu. Na yule mdogo wako aliyepata kazi, mwachie yeye anunue kanzu za watoto safari hii.

Saumu maqbul. Kesho inshaallah tutazungumzia itikafu.