Kwa Nini Vyumba vya Tembe Vilikuwa Vyembamba

Nyumba za tembe za Unyanyembe, kama ile ya Kwihara karibu na Tabora alimokaa Livingstone mwaka 1872, ziliezekwa kwa udongo juu ya boriti. Udongo huzuia joto, lakini ni mzito: unene wa sentimita 20 hufikia karibu kilo 300 kwa mita ya mraba, na zaidi ukilowa. Nafasi baina ya kuta ikizidishwa mara mbili, boriti ile ile hunepa mara 16 zaidi. Basi mafundi walisogeza kuta.

Paa la kisasa la mabamba lina mabati mawili membamba, na kati yake povu gumu la plastiki. Bamba la sentimita 10 lina uzito wa kilo 12 hivi kwa mita ya mraba. Likielemewa, bati la juu hubanwa, la chini huvutwa. Povu huyatenga na kuyazuia yasiteleze. Umbali baina ya mabati ukiwa mara mbili, ukinzani wa kupinda huwa karibu mara nne, ingawa povu lenyewe nalo hulegea kidogo, jambo ambalo husahauliwa mno.

Jua la Oktoba hulitanua bati la juu kuliko la chini, na gundi hutaabika. Ikiachia, hubaki mabati mawili tu, kila moja likipinda peke yake, yasiyoweza kumbeba hata fundi aliyepanda kuziba tundu.